Swali Ambalo Mkwe Hakuuliza

Konkriti haikuwa na kosa.

Inspekta Gaudencia Wasike aliisoma taarifa ya maabara, akaisoma tena, kisha akasonya peke yake ofisini. Simiti ilitosha. Nondo zilikuwa za unene uleule uliochorwa kwenye plani. Mchanga ulikuwa safi. Nyumba mpya ya Mama Watiri kule Giakanja ilikuwa imeangusha kona nzima na kumfukia fundi Kinuthia, lakini haikuanguka kwa sababu kontrakta aliiba simiti. Wiki nzima kijiji kiliimba wimbo huo wa simiti, na yeye Gaudencia, mtu mzima mwenye cheo, akaitikia.

Na huyo kontrakta, Munene, alikuwa seli, ukuta wa pili kutoka pale alipokaa. Gaudencia alimkamata kwenye matanga ya Kinuthia, Munene amekuja kutoa pole na mkewe na watoto. Watu walipiga makofi. Na Gaudencia, Mungu amsamehe, aliyasikia yale makofi yakamnogea. Kesho asubuhi Munene angepandishwa kortini kwa shtaka la kuua bila kukusudia. Kiongozi wa mashtaka alikuwa ameshampigia simu: kama kuna kitu cha kubadilisha, kibadilishwe leo.

Akaagiza mshukiwa aletwe.

Munene aliingia amekunja mabega kwa baridi ya Nyeri. Alikuwa mtu mkubwa, lakini seli ilikuwa imeanza kumpunguza.

"Niambie tena ile ya simu," Gaudencia akasema.

"Si nilikuambia, afande? Hata ukacheka."

"Siku ile nilikuwa nacheka. Leo nasikiliza. Sema."

Munene akamtazama kuona kama ni mtego. Kisha akasema. "Tulipochimba msingi wa ile kona ya chini, pale kwa migomba, udongo ulitoka mweusi. Mwororo. Unanuka. Ilyas, yule mchoraji, alikuwa amesharudi ofisini, nikampigia. Nikamwambia, bosi, hii kona si nzuri, kuna kitu hapa chini. Akanyamaza mpaka nikafikiri simu imekata. Halafu akasema nijaze mawe, nishindilie, tuendelee."

"Hukumuuliza mwenye boma?"

"Ilyas alikuwa amesema tusimsumbue yule mama na maswali. Ati mambo ya mama ni yake."

"Ilyas anasema mliongea habari ya mbao."

"Basi ni neno lake na langu. Yeye iko na ofisi, iko na tai. Mimi niko na nini?" Akajipangusa uso kwa kiganja. "Watoto yangu wanaitwa watoto wa muuaji huko shule, afande. Hiyo ndiyo nilitaka kukuambia. Hiyo ingine fanya vile unataka."

Gaudencia akaifunga faili. Akamrudisha, akatoka nje, na pale kwenye ngazi akasimama ghafla mpaka askari aliyemfuata akakaribia kumgonga mgongo.

Migomba. Udongo mweusi, unanuka. Jamani!

Hakuna mtu aliyekulia shambani, awe wa Nyeri au wa kwao Bungoma, asiyejua maana yake. Choo cha shimo kikijaa hufukiwa, na juu yake hupandwa migomba, na migomba hiyo hustawi kuliko yote. Miaka ikipita hubaki migomba na wazee wanaokumbuka. Yeye mwenyewe alikuwa ameikanyaga mizizi yake pale kwenye kifusi, akapita akitafuta simiti. Alitaka kontrakta mwizi, kwa sababu kontrakta mwizi ni kesi nyepesi. Sasa ilimchoma.

Lakini hapo ndipo jambo lilipokuwa gumu. Ilyas ndiye aliyemshauri Mama Watiri ajenge nini na ajenge wapi, na mshauri wa ujenzi asiyeshuku migomba ni mjinga. Mji mzima ulisema Ilyas si mjinga. Basi kabla ya kwenda kwake, Gaudencia alitaka kujua mtu huyu hufanyaje kazi yake siku za kawaida.

Akaenda kwa Samiha wa mikate.

Samiha alikuwa na duka la kuoka mikate pale mtaa wa Majengo mjini, na juu yake vyumba vipya ambavyo Ilyas alimchorea mwaka uliopita. Alikuwa amezama kwenye unga mpaka viwiko.

"Ilyas?" akacheka. "Afande, huyo si mchoraji, huyo ni mpelelezi kama wewe. Mimi nilienda kwake nikitaka tu kujua ghorofa itasimama ama haitasimama. Weee! Alinikalisha hapo, maswali mpaka chai ikapoa. Nani atalala wapi. Nani hawezi kupanda ngazi. Mvua ikinyesha maji hupitia wapi. Jirani gani tumegombana naye juu ya mpaka. Nikamwambia, kijana, unanijengea au unaniposa?"

"Yote hayo kabla ya kukushauri?"

"Hafungui mdomo kukupa ushauri kabla hajakumaliza. Na unajua aliniuliza nini cha mwisho?" Samiha akashusha sauti, ingawa aliyekuwa karibu ni paka tu. "Nyanya yako alichimba choo wapi! Mbele ya wateja wangu! Nikamwambia, wewe Ilyas, hata adabu huna? Akaniambia, dada Samiha, nyumba haijui adabu. Shimo lisipotajwa na watu litajitaja lenyewe."

"Na lilikuwepo?"

"Si lilikuwepo! Hapo nyuma, chini ya stoo. Akasogeza ukuta." Akapangusa paji la uso, akajipaka unga. "Kwani kuna nini? Ilyas ana shida?"

"Nauliza tu."

"Polisi hawaulizi tu," Samiha akasema, na kicheko kikamtoka usoni.

Ofisi ya Ilyas ilikuwa juu ya duka la vitambaa, si mbali na hapo. Kijana nadhifu wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa, mikono haitulii. Alisimama mgeni alipoingia, akamvutia kiti, akammiminia chai kutoka kwenye thamosi. Gaudencia akaona kwamba chai ilimwagika kidogo kwenye sosa.

"Maabara wamesema konkriti ilikuwa nzuri," akamwambia.

"Alhamdulillahi," Ilyas akasema, kisha akaonekana kama mtu aliyetamani kulirudisha neno mdomoni. "Yaani, kwa ajili ya Munene."

"Kwa ajili ya Munene, ndiyo. Sasa nisaidie. Mimi sijui ujenzi. Mteja akija hapa, unaanzaje?"

Hapo Ilyas akatulia kidogo, kwa sababu kazi hiyo ilikuwa kama nyumba yake na aliijua milango yake yote. Akaeleza vizuri. Kwanza watu: ni wangapi, umri wao, wanaoumwa. Kisha uwezo wao, ili usimchoree mtu ndoto. Kisha shamba: mteremko, maji, njia ya lori. Kisha majirani na mpaka. Kisha mteja anataka nyumba imfanyie nini miaka ishirini ijayo. Baada ya hapo ndipo anashauri.

Gaudencia akasubiri. Ilyas akanywa chai.

"Basi?"

"Basi."

"Na mashimo ya zamani?"

Ilyas akaisogeza rula iliyokuwa mezani ikalingana na ukingo wa meza. "Hiyo pia huulizwa."

"Huulizwa. Mteja huyu ulimuuliza?"

"Mteja hakutaja kitu kama hicho."

"Sikukuuliza alitaja nini. Ulimuuliza?"

Ilyas akaisogeza rula tena.

"Tangu juzi unaniambia mteja, mteja," Gaudencia akasema. "Samiha unamwita dada Samiha. Huyu wa Giakanja hana jina?"

Ilyas akaitazama picha iliyokuwa ukutani nyuma ya mgeni wake. Gaudencia akageuka. Ilikuwa picha ya harusi: Ilyas na kanzu yake, bibi harusi mwenye meno mazuri, na pembeni kabisa, akiwa ameacha nafasi ya watu wawili, Mama Watiri amevaa kitambaa cheupe kichwani.

"Ni mama ya bibi yangu," Ilyas akasema.

Giakanja nzima ilijua, na ndiyo maana hakuna aliyemwambia. Watu hawamwambii polisi jambo ambalo kila mtu analijua. Gaudencia alijisikia mjinga, kisha akajisikia vibaya zaidi, kwa sababu yeye alikuwa na udhuru mdogo kuliko wote. Kwao Bungoma mkwe akiona mama mkwe anakuja njiani, mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwenzake apite. Mambo ya chooni hayatajwi kabisa. Baba yake mwenyewe alishinda na njaa ukweni siku nzima, asije akalazimika kuuliza choo kiko wapi.

"Hukuweza kumuuliza," akasema.

"Ningemuulizaje?" Ilyas akainua mikono. "Mama mkwe wangu! Nikae mbele yake nimwambie, mama, mlikuwa mkijisaidia wapi?"

"Ungemtuma mkeo. Ni mama yake."

"Wangechi hangetumwa hilo. Angesema nimemvunjia mama yake heshima." Akashusha sauti. "Wewe si wa hapa, afande, na mimi nusu si wa hapa. Mimi ni mtu wa Majengo. Siku ya kuposa, wajomba zake walisema watu wa mjini hawajui ukwe, hatutajua kukaa na wazee. Niliapa hawatapata neno juu yangu. Na hawajapata."

"Sasa wamepata maiti," Gaudencia akasema, na mara akajutia ukali wake. "Munene alikupigia simu."

"Alinipigia, sikatai."

"Mkaongea nini?"

"Mbao."

"Wallahi?"

Ilyas akainua kikombe kilichokuwa kitupu, akakinywea. Gaudencia hakurudia swali. Alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, na wengi wao huapa haraka kama watu waliozoea kuapishwa. Huyu alikuwa muongo anayemwogopa Mungu, na muongo wa namna hiyo huwa anaumwa.

"Chukua koti," akamwambia. "Tunaenda Giakanja."

Gari lilishuka na kupanda vilima vya Tetu, mlima ukiwa umejifunika mawingu. Gaudencia aliendesha mwenyewe. Alimweleza mambo waziwazi, kwa sababu hakutaka kumkamata mtu mwingine kwa upofu.

"Kutouliza ni uzembe. Utafikishwa kwa bodi yenu, labda utanyang'anywa kazi, labda faini. Lakini kama uliambiwa ule udongo unanuka, ukajua ni nini, ukasema endeleeni, hiyo ni jela, Ilyas. Na kama hukuambiwa, basi jela ni ya Munene, kwa sababu yeye ndiye aliyekuta udongo mbovu akajenga juu yake bila kumwambia mtu. Mmoja kati yenu."

Ilyas alitazama majani ya chai yakipita. "Binti yangu Salwa anaanza shule Januari," akasema, basi.

Bomani kwa Mama Watiri wanawake wawili wa kanisa walikuwa wamekuja kukaa naye, wakimenya viazi uani. Ilyas alisimama kwenye geti, hakuingia. Nyuma ya nyumba ya zamani kile kifusi kilikuwa bado pale, kona imezama kama jino lililong'oka, na katikati ya mawe vichipukizi vya migomba vilikuwa vimeshatoa vichwa. Gaudencia akavitazama, safari hii vizuri, kisha akaingia jikoni.

Mama Watiri alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na moto. Hakuinuka. "Umekuja kunichukua?" akauliza.

"Kwa nini nikuchukue, mama?"

"Niulize tu vile umekuja kuuliza. Nimechoka."

"Migomba ile ilipandwa juu ya nini?"

Mama mzee akaichukua fimbo, akasukumia kuni motoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri. "Juu ya choo. Mume wangu ndiye alichimba, Wangechi akiwa mgongoni kwangu. Kilijaa, tukafunika."

"Na siku walipochimba msingi ulikuwa wapi?"

"Hapo mlangoni. Nilikuwa nawapelekea uji. Nikawaona wanang'oa migomba. Nikasema, kai, hawa watu wanajua? Nikataka kuita. Lakini Baba Salwa alikuwa amesimama na wao, ameshika karatasi yake. Nikafikiri, huyu amesoma, na migomba anaiona. Na mimi nitamwambia nini? Nimwambie mkwe wangu choo, mbele ya wanaume?" Akatikisa kichwa. "Afadhali ningekufa."

"Amekufa mwingine, mama."

Lilikuwa neno la kikatili na Gaudencia alilijua wakati linatoka. Mama Watiri akalipokea kama mtu anayepokea deni lake. "Kinuthia alirudisha kikombe yeye mwenyewe siku hiyo," akasema. "Alisema uji ni mtamu. Nikachukua kikombe, nikarudi jikoni, nikakaa. Hapa. Kila siku wakijenga nilikuwa nakaa hapa nasikiza nyundo."

"Utaandikisha hayo?"

"Baba Salwa lazima ajue?"

"Mficha uchi hazai, mama."

"Najua hiyo methali." Akakaa kidogo. "Na yeye, alijua ama hakujua?"

"Anasema hakuambiwa. Munene anasema alimwambia. Kesho korti itamwamini mwenye ofisi."

Mama Watiri akaweka fimbo chini, akajishika magoti, akainuka. Gaudencia alidhani anakwenda kuchukua maji. Lakini alitoka uani, akapita viazi na wale wanawake, akasimama katikati ya boma lake na kumkabili kijana aliyekuwa getini.

"Ilyas!"

Tangu mjukuu wa kwanza azaliwe alimwita Baba Salwa. Ilyas akatazama chini kama ilivyo ada.

"Niangalie. Pale mliweka kona palikuwa choo chetu."

Kisu kikaanguka kwenye sufuria ya viazi. Mwanamke mmoja wa kanisa akamwita Mungu, "Ngai!"

"Ndiyo, choo! Nimesema. Niliwaona mkichimba na nikanyamaza. Afande, andika hivyo. Huyu kijana hakumuuliza mtu wala hakuambiwa. Angejuaje? Mimi ndiye nilijua. Kosa ni yangu, na mimi ni mzee, mnipeleke mnapotaka."

Gaudencia alikuwa amefika mlangoni. Aliona vizuri kile ambacho mama mzee alikuwa amefanya kwa upendo wake. Mama mzee hafungwi kwa kunyamaza jikoni kwake, na Ilyas, ambaye hakuambiwa, angelala nyumbani. Munene ndiye aliyekuwa amezama zaidi: kontrakta aliyekuta udongo unanuka akaficha. Kilichobaki ni Ilyas kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo adabu aliyojifunza kuliko watu wote wa boma lile. Gaudencia akatoa daftari lake, akafungua ukurasa mpya.

Ilyas akalivuka geti. Akaja mpaka karibu, karibu kuliko mkwe anavyoruhusiwa.

"Usiandike hivyo, afande," akasema. Akamgeukia mama mkwe wake. "Mama, nilijua. Munene alinipigia. Aliposema tu unanuka, nilijua ni nini, hata nikiwa ofisini. Ningemwambia asimame, ningelazimika kuja hapa nikuulize kina chake na upana wake. Nikakaa na simu sikioni nikitafuta vile ningekuuliza, nikakosa. Nikamwambia aweke mawe." Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyapangusa. "Nilikuonea haya, mama. Na Kinuthia akafa."

Mama Watiri akamtazama usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu siku ya posa. "Na mimi nilikuonea haya," akasema.

Kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi la uani, akaanza kulia kwa sauti kama watu wanavyolia msibani. Wanawake wa kanisa walibaki na viazi vyao mikononi. Ilyas akasimama juu yake, amenyoosha mikono nusu, hajui kama mkwe anaruhusiwa kumshika mama mkwe wake.